Mvinyo mwekundu: namna joto linavyoharibu chupa kabla haijafunguliwa

Wageni wamefika, chakula kimepakuliwa, na chupa ya mvinyo mwekundu iliyonunuliwa kwa fedha za kudunduliza inafunguliwa mbele ya wakwe. Glasi ya kwanza inanyweka kwa adabu tu. Ya pili hakuna anayeitaka. Mwenye nyumba hulaumu bei ndogo, akaapa kwamba safari nyingine atanunua chupa ya gharama kubwa zaidi. Mara nyingi, hata hivyo, kosa si la bei. Mvinyo umeharibiwa na joto, ama dirishani mwa duka, ama juu ya jokofu la nyumbani alikouweka kama pambo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo la Maziwa Makuu. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa Kigali, Kampala na Bujumbura hutoka nje, hususan Afrika Kusini. Chupa husafiri kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha kwa malori. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali pekee ni takriban kilomita 1,500. Kila hatua huongeza gharama, na kila hatua huiweka chupa katika hatari ya jua. Kwa hiyo anayeanza kununua, na hata asiyekunywa ila huhudumia wageni hotelini au kuuza dukani, atafaidika kwa kuyajua mambo machache.

Kuchagua dukani

Juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, ambayo huachwa yaloweke katika juisi inapochachuka. Maganda hayo, pamoja na mbegu, ndiyo yanayoleta ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka inayofahamika kwa anayekunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi. Aina ya Cabernet Sauvignon kwa kawaida ina ukakasi mwingi. Merlot huwa laini zaidi, na ndiyo inayomfaa anayeanza. Pinotage ni aina ya Afrika Kusini kwenyewe: ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na mwanasayansi Abraham Perold kutokana na Pinot Noir na Cinsaut.

Mvinyo wa jirani upo pia. Mkoa wa Dodoma nchini Tanzania hulima zabibu, ikiwemo aina nyekundu iitwayo Makutupora, na hali ya hewa ya huko huwezesha mavuno mara mbili kwa mwaka.

Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mavuno. Wapo wanaoamini kwamba kadiri mwaka ulivyo wa zamani ndivyo mvinyo ulivyo bora. Imani hiyo ni kweli kwa chupa chache, nyingi zikiwa za bei kubwa. Mvinyo wa kawaida hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, kwa hiyo mnunuzi achague mavuno ya karibuni. Kisha aitazame chupa yenyewe. Ikiwa imesimama dirishani penye jua, au kizibo chake kimesukumwa juu, au shingoni pana alama za mvinyo uliovuja, aiache hata kama bei imepunguzwa. Kimiminika kikipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Kikipoa husinyaa, na hewa huingia.

Kutenga mezani

Lebo nyingi hushauri mvinyo mwekundu utengwe katika joto la kawaida la chumba. Ushauri huo ulizaliwa Ulaya, katika nyumba za zamani ambazo vyumba vyake vilikuwa na nyuzi joto 16 hadi 18 hivi. Kigali mchana hufikia nyuzi 26 au 27, na Bujumbura huzidi hapo. Katika joto hilo harufu ya kileo hutawala, utamu wa matunda hufifia, na mvinyo huonekana mzito na wenye kuunguza koo.

Dawa yake ni rahisi. Chupa iwekwe ndani ya jokofu kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kufunguliwa. Ikiwa ililala humo usiku kucha, itolewe nusu saa mapema, kwani baridi kali nayo huzidisha ukakasi. Pasipo na jokofu, ndoo ya maji baridi hufanya kazi hiyo. Kitambaa kilicholoweshwa na kuzungushiwa chupa mahali penye upepo husaidia pia, kwa kanuni ileile inayoyapoza maji ya mtungi.

Glasi isijazwe, theluthi moja yatosha, ili harufu ipate nafasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano hivi. Mvinyo wenye ukakasi huenda vyema na nyama choma, kwa kuwa mafuta na protini huulainisha. Chakula chenye pilipili nyingi hukifanya kileo kionekane kikali zaidi, hivyo mvinyo mwepesi hukifaa zaidi.

Kuhifadhi

Mvinyo hupenda giza, utulivu na joto lisilobadilikabadilika, hasa kati ya nyuzi 12 na 15. Nyumba chache zina mahali pa namna hiyo, lakini chini ya kitanda au ndani ya kabati lililo mbali na jiko ni bora kuliko sebuleni. Juu ya jokofu ni mahali pabaya: pana joto la mashine na mtikisiko. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kuzungusha yaweza kusimama. Asiye na mahali pa baridi anunue karibu na siku ya sherehe, asiweke akiba ya miezi.

Chupa ikishafunguliwa, hewa huanza kuubadili mvinyo na hatimaye kuuelekeza kwenye siki. Uliobaki uzibwe na kuwekwa kwenye jokofu, unywewe ndani ya siku tatu hadi tano. Ukinuka siki, wafaa kupikia tu. Ukinuka boksi lililoloa maji, kizibo kilikuwa na kasoro. Hilo si kosa la mnunuzi, na duka au hoteli yenye utaratibu mzuri huibadilisha chupa kama hiyo. Mashapo chini ya chupa si dalili ya ubovu.

Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama. Wajawazito, watoto na madereva hawapaswi kunywa kabisa. Kwa wengine, chupa moja iliyotunzwa vizuri na kugawanywa mezani kwa watu watano huleta furaha kuliko chupa tatu za bei kubwa zilizochemshwa na jua la dirishani.