Komredi, usiache mitandao ikupangie bajeti ya muhula

HELB imeingia. Kufika jioni, stetasi za WhatsApp zimejaa viatu vipya, nyama choma na safari ya Naivasha. Wewe uko hosteli na ugali sukuma wako, na chakula ulichokifurahia jana leo kinaonekana kama aibu.

Hisia hiyo ni ya kawaida. Watu huposti siku yao nzuri. Hakuna anayeposti deni la duka au siku aliyolala njaa. Kwa hivyo unalinganisha maisha yako yote na dakika chache bora za mwenzako, na lazima ujione umebaki nyuma.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 143. Kundi moja lilipunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa wiki 3. Kundi hilo lilipungukiwa na upweke na msongo kuliko wale walioendelea kama kawaida. Kumbuka hawakufunga akaunti zao, walipunguza tu muda.

Pesa inaingia wapi hapa?

Simu inayokuonyesha maisha ya wengine ndiyo iliyobeba pesa yako. Kati ya kutamani na kulipa kuna namba ya siri tu. Saa saba usiku umechoka, umeona ofa, umelipa. Asubuhi ndio unajiuliza ulikuwa unafikiria nini.

Tupige hesabu. Tuseme una shilingi 18,000 za kula kwa wiki 15. Hiyo ni 1,200 kwa wiki, kama 171 kwa siku. Ukitoa 6,000 wiki ya kwanza ili usionekane umesota, unabaki na 800 kwa wiki, kama 114 kwa siku, hadi mwisho wa muhula. Hapo ndipo mikopo ya simu na kubeti huanza kuonekana kama suluhisho. Deni nalo linakunyima usingizi, na ukikosa usingizi unarudi kuskroli.

Mambo matano ya kufanya

1. Pesa ikiingia, lipa kodi ya nyumba kwanza. Inayobaki, weka kwenye akiba iliyofungwa na ujitolee ya wiki moja moja.

2. Kitu ulichokiona mtandaoni, kipe saa 24 kabla ya kulipa. Kama bado unakitaka na kiko kwenye bajeti, sawa.

3. Weka kikomo cha muda kwenye mipangilio ya simu yako, na uchajie simu mbali na kitanda. Utalala vizuri, na bando pia litadumu.

4. Kila Jumapili, soma taarifa ya malipo yako. Jiulize: ni malipo gani nilifanya kwa sababu ya kuona mtu mwingine?

5. Ukipata linki ya "HELB ya ziada" inayotaka ada au PIN, ifute. Sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe.

Je, tayari una deni?

Usikope kulipa mkopo. Ongea na mkopeshaji mpange malipo madogo madogo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutukana wateja au kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila ruhusa. Ukitishiwa hivyo, hifadhi jumbe hizo na uripoti.

Na kama umepoteza hamu ya masomo, hulali au unajitenga na watu, usinyamaze. Ongea na ofisi ya ushauri nasaha hapo chuoni, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya. Pesa ikiisha, muhula mwingine unakuja. Afya yako ndiyo ya kulindwa kwanza.