Mafuta ya Damu na Afya ya Mishipa

Karibu nusu ya uzito wa kiini cha korosho, zao kuu la wakulima wa Masasi na Newala, ni mafuta. Kwa hiyo ni haki kuuliza: je, mafuta hayo huweza kuziba mishipa ya damu? Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza kufahamu jinsi mafuta yanavyosafiri mwilini.

Safari ya mafuta

Mafuta hayayeyuki katika maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Kwa sababu hiyo utumbo na ini huyafunga katika vifurushi vidogo vyenye protini, viitwavyo lipoprotini. Vifurushi hivyo hubeba trigliseridi, ambayo ni akiba ya nguvu, na kolesteroli, yaani lehemu, ambayo mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Lehemu si sumu, kwani ini lenyewe huitengeneza. Madhara hutegemea wingi wake na aina ya kifurushi kinachoibeba.

Lipoprotini nyepesi, ambayo katika majibu ya maabara huandikwa LDL, hupeleka lehemu katika viungo mbalimbali. Inapozidi, hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Seli nyeupe za damu huimeza, hujaa mafuta na kufa. Baada ya miaka mingi hutokea uvimbe mgumu unaoipunguza njia ya damu. Hali hii ndiyo aterosklerosisi. Uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake. Bonge hilo likiziba ateri ya moyo, sehemu ya msuli wa moyo hufa; likiziba ya ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Lipoprotini nzito, au HDL, hurudisha lehemu ya ziada kwenye ini.

Maana ya vipimo

Kwa mtu mzima, jumla ya lehemu iliyo chini ya miligramu 200 katika mililita 100 za damu huhesabiwa kuwa ya kuridhisha; ikifika 240 ni nyingi. Trigliseridi yafaa iwe chini ya 150. Uchunguzi ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ulisaidia kuonyesha kwamba lehemu nyingi, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Hivyo kipimo cha mafuta hakisomwi peke yake.

Mafunzo kutoka Afrika Mashariki

Mwaka 1964 George Mann na wenzake walieleza kwamba Wamasai, ingawa walikula maziwa na nyama kwa wingi, walikuwa na lehemu kidogo katika damu. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya kupasua maiti 50 za wanaume wa Kimasai: mafuta yalikuwamo katika kuta za ateri, lakini ateri zenyewe zilikuwa pana. Mann alidhani kwamba mwendo wao mwingi ndio uliozipanua. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku walikuwa na lehemu na trigliseridi pungufu kuliko wenzao wa milimani waliokula mboga na nafaka.

Jibu kuhusu korosho

Sehemu kubwa ya mafuta ya korosho ni ya aina isiyokifu, ambayo hubaki kimiminika, na korosho haina lehemu. Mafuta yaliyokifu, kama yale ya nazi na ya nyama, ndiyo yanayoongeza LDL zaidi. Hata hivyo gramu 100 za korosho zina kilokalori zipatazo 550. Anayezila kwa wingi bila kufanya kazi za mwili huweza kunenepa, na korosho za chumvi nyingi hazimfai mwenye shinikizo la damu.

Aterosklerosisi hukua bila maumivu, na kwa wengine dalili ya kwanza huwa kiharusi au kifo cha ghafla. Hiyo ndiyo faida ya kupima damu mapema, hasa kwa mwenye kisukari, mvutaji sigara, au mtu ambaye mzazi wake aliugua moyo akiwa bado kijana.