Mstari wa Mchoro na Unene wa Kikatio

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha jinsi mtu awezavyo kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Siku hizi mchoro wa kompyuta hugeuzwa kuwa maagizo ya kuongoza mashine ya kukatia chuma. Lakini mstari wa mchoro hauna unene, ilhali kikatio, yaani chuma chenye makali kinachozunguka, kinao.

Chukua bamba la mraba lenye upande wa milimita 100, na kikatio chenye kipenyo cha milimita 10. Kitovu cha kikatio kikifuata mstari wenyewe, milimita 5 zitaliwa kila upande, na bamba litabaki na milimita 90 tu. Kwa hiyo fundi hana budi kuiarifu programu kipenyo halisi, ili njia ya kikatio isogezwe nje kwa milimita 5. Pembe za ndani nazo hazitachongoka. Zitakuwa na mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 5.

Ni busara kukata kwanza ubao laini na kuupima, kabla ya kuharibu chuma cha thamani.