Gari Likiteleza: Jinsi ya Kulirudisha Njiani

Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na zile za vuli hurudi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo, barabara uliyoizoea hubadilika. Lami hulowa, changarawe hulegea, na udongo mweusi wa upande wa Nyatike hugeuka kuwa utelezi mtupu. Gari likianza kuteleza, dereva ana sekunde chache tu za kuamua. Wengi hukanyaga breki kwa nguvu zote na kukata usukani ghafla. Mara nyingi hilo ndilo linalolipeleka gari mtaroni, au upande wa magari yanayokuja.

Makala haya yanaeleza kwa nini gari huteleza, na jinsi dereva anavyoweza kulirudisha njiani.

Kwa nini gari huteleza

Kila tairi hugusa barabara kwa sehemu ndogo tu, inayokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Sehemu hizo nne ndizo zinazolishika gari lisitoke njiani. Zinafanya kazi tatu: kuongeza mwendo, kupunguza mwendo na kukata kona. Ukidai kazi mbili kwa wakati mmoja, kama vile kufunga breki kwa nguvu katikati ya kona, tairi hushindwa na kuanza kuteleza. Tairi lililofungwa na breki likaacha kuzunguka haliwezi tena kukata kona, hata ukizungusha usukani mara ngapi.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni hatari zaidi. Maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani, na lami huwa na utelezi kabla mvua haijaiosha. Kwenye barabara kuu kati ya Migori, Awendo na Rongo, trekta za miwa zikitoka shambani huacha tope na vipande vya miwa juu ya lami. Kwenye barabara za changarawe zinazoingia vijijini huku Masara, kokoto zilizolegea huviringika chini ya tairi hata siku ya jua kali.

Nyuma ya gari ikiteleza

Tuseme unakata kona ya kushoto huku kukinyesha manyunyu. Bodaboda inachomoka mbele yako, unafunga breki, na mara unahisi nyuma ya gari inakwenda kulia. Sasa mbele ya gari inaelekea kushoto kuliko ulivyotaka. Fanya hivi:

1. Ondoa mguu kwenye breki, na uondoe kwenye mafuta pia, bila pupa. Usivute breki ya mkono.

2. Tazama pale unapotaka gari liende, yaani njia yako iliyo mbele. Usikazie macho mti, mtaro wala lori, kwa kuwa mikono hufuata macho.

3. Zungusha usukani upande ule ule ambao nyuma ya gari inakwenda. Katika mfano wetu, nyuma imekwenda kulia, kwa hiyo zungusha kulia. Kama ingekwenda kushoto, ungezungusha kushoto.

4. Mara tu gari likianza kunyooka, rudisha usukani katikati. Dereva akichelewa hapa, gari hurusha nyuma upande wa pili, na mara nyingi mtelezo huo wa pili huwa mkali kuliko wa kwanza.

Zungusha kwa kadiri, si kwa kukata hadi mwisho. Gari likishika barabara tena, ndipo upunguze mwendo polepole.

Mbele ya gari ikiteleza

Mara nyingine unazungusha usukani kuingia kona, lakini gari linaendelea moja kwa moja kana kwamba halikusikii. Hii hutokea sana kwa magari madogo yanayovutwa na tairi za mbele, yakiingia kona kwa kasi. Kosa la kawaida ni kuzidi kukata usukani.

Toa mguu kwenye mafuta. Rudisha usukani kidogo kuelekea katikati ili tairi za mbele zipate kuviringika na kushika tena. Ukihisi zimeshika, kata kona upya kwa upole.

Hali inayofanana na hii hutokea ukipita kwa kasi kwenye maji yaliyotuama juu ya lami. Tairi huelea juu ya maji na usukani huwa mwepesi mkononi. Usifunge breki wala kukata usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na usubiri tairi ziguse barabara.

Breki za kawaida na breki za ABS

Jua gari lako lina breki za aina gani kabla ya siku ya shida. Kama halina ABS na tairi zimefunga, achilia breki ili zizunguke tena, kisha kanyaga kwa vipindi, ukikanyaga na kuachia.

Kama lina ABS, na unahitaji kusimama kwa dharura, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. Utasikia kanyagio likitetemeka mguuni. Hilo si tatizo, ni mtambo unaokanyaga na kuachia kwa niaba yako ili uweze kuendelea kuelekeza gari. Lakini kumbuka kwamba kwenye changarawe iliyolegea, gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Kinga ni mwendo na tairi

Hakuna ufundi wa usukani unaoshinda kasi iliyopita kiasi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Gari la kilomita 60 kwa saa linahitaji umbali mara nne kuliko la kilomita 30. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona, wakati gari bado limenyooka.

Acha nafasi kati yako na gari lililo mbele. Chagua alama, kama vile nguzo ya umeme. Gari la mbele likiipita, hesabu sekunde. Ukifika hapo kabla ya sekunde mbili siku ya jua, au nne siku ya mvua, uko karibu mno.

Kagua tairi zako. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukishalingana navyo, kimebaki kina cha milimita 1.6 tu, na tairi hilo haliwezi tena kutoa maji vizuri. Libadilishe. Tairi kipara linaloonekana kushika vizuri wakati wa jua litakusaliti siku ya mvua. Pima pia upepo, hasa kabla ya kubeba abiria au mzigo mzito.

Abiria nawe una sehemu yako

Funga mkanda, hata kama safari ni ya kufika sokoni tu. Usikubali gari lijazwe kupita kiasi, kwa maana uzito hulifanya liwe gumu kusimama na gumu kurudisha njiani. Dereva akienda mbio kwenye mvua, mwambie apunguze, kwa heshima lakini bila kuogopa. Wanaotembea kando ya barabara, wakiwemo watoto wetu waendao shule, hawana mkanda wa kufunga. Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112.

Dereva, kabla ya kuwasha gari siku ya mvua, yarudie haya moyoni: toa mguu, tazama unakotaka kwenda, zungusha usukani kwa upole, kisha uurudishe katikati.