Malcolm Arnold: Kutoka Mto Kwai hadi Simfoni ya Tano (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata mtunzi Malcolm Arnold kuanzia Northampton, mji wa mafundi viatu alikozaliwa mwaka 1921, hadi London. Huko tarumbeta, ambalo alilipenda tangu utotoni baada ya kumsikia Louis Armstrong, lilimpa kiti cha mpiga tarumbeta mkuu wa okestra ya London Philharmonic. Tulimwacha ametoka jeshini baada ya kujipiga risasi mguuni kwa makusudi. Alikuwa amejiandikisha apigane, kwa uchungu wa kaka yake wa jeshi la anga aliyeuawa vitani, naye akajikuta amewekwa kwenye bendi. Leo tunaingia miaka iliyomvumisha. Ndiyo pia iliyomletea lawama ambazo, kwa maoni yangu, hakuzistahili.

Arnold alitunga muziki wa filamu zaidi ya 100. Kazi hiyo haina nafasi ya kuzurura. Filamu ikishakatwa na kuunganishwa, mtunzi hupewa karatasi yenye vipimo: mlango unafunguliwa sekunde hii, mhusika anageuka sekunde ile. Muziki lazima ufike hapo bila kuchelewa wala kutangulia. Arnold aliandika kwa kasi, na kwa kuwa alikuwa amekaa miaka kadhaa ndani ya okestra, alijua kila ala inapumua wapi na inachoka wapi. Wapigaji waliipenda mikono yake kwa sababu hiyo.

Mwaka 1957 mwongozaji David Lean alimkabidhi The Bridge on the River Kwai, filamu ya wafungwa wa vita wa Uingereza wanaolazimishwa na Wajapani kujenga daraja la reli. Muda ulikuwa mfinyu mno. Arnold mwenyewe alisimulia kwamba alipewa siku 10 tu. Mwanzoni mwa filamu wafungwa wanaingia kambini nguo zimechakaa, viatu vimekwisha, lakini wamejipanga safu na wanapiga mluzi wa Colonel Bogey. Gwaride hilo si la Arnold. Liliandikwa mwaka 1914 na Kenneth Alford, mwanamuziki wa jeshi, na askari walikuwa wamelitilia maneno ya matusi yasiyoweza kutamkwa kwenye sinema. Mluzi ukawa njia ya kuyapita.

Hapo ndipo mkono wa Arnold unapoonekana. Alitunga gwaride jingine, lake mwenyewe, akalipima ili likae pamoja na lile la zamani bila kugongana, kama sauti ya kwanza na ya nne zinavyokwenda njia mbili katika kwaya na bado wimbo ukawa mmoja. Mluzi ni wa watu wenye njaa wanaojitia moyo. Okestra inapoingia na gwaride lake, inaleta fahari ile ile ambayo baadaye itampofusha kamanda wao hadi alinde daraja la adui. Kisa kizima kimo katika dakika hizo chache. Kazi hiyo ilimpatia Oscar, tena kwa haki.

Lakini Oscar ilimgharimu. Katika duru za muziki wa London za wakati ule, melodi inayoshikika upesi ilitiliwa shaka, na mtu wa sinema alidhaniwa hana la uzito la kusema. Dhana hiyo ilimfuata hata alipoandika kwa hasira. Mwaka 1958 Weusi waliohamia kutoka Karibeani walishambuliwa mitaani Notting Hill, London. Arnold alichukizwa, na jibu lake likawa Simfoni ya Nne, aliyoiongoza mwenyewe Royal Festival Hall mwaka 1960. Ndani yake aliingiza ngoma za bongo na tomtomu, pamoja na marimba, na juu yake melodi tamu kabisa. Wahakiki wengi waliona utamu, hasira iliyo chini yake hawakuiona.

Simfoni ya Tano ilifuata mwaka 1961, kwenye tamasha la Cheltenham, na hii ndiyo ningemwomba msomaji aitafute kwanza. Arnold aliwakumbuka humo marafiki waliokufa mapema: Dennis Brain, mpiga honi aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1957, Frederick Thurston wa klarineti, David Paltenghi, mcheza dansi, na Gerard Hoffnung, mchora vibonzo, ambaye kwa tamasha lake la mwaka 1956 Arnold alitunga kazi yenye mashine tatu za kufyonza vumbi, moja ya kung'arisha sakafu, na bunduki. Sehemu ya pili ya simfoni hii ina melodi ya ala za nyuzi ambayo ingefaa kabisa filamu ya mapenzi. Mwishoni mwa simfoni melodi hiyo inarudi kwa okestra nzima, kwa kishindo, na msikilizaji anajiandaa kwa ushindi. Ushindi hauji. Okestra inaporomoka, zinabaki kengele na nyuzi nzito za chini. Mtu aliyejua barabara jinsi sinema inavyofunga kisa kwa furaha ndiye aliyekataa kuwafungia hivyo marafiki zake, na anayesema Arnold alikuwa fundi wa nyimbo nyepesi tu hajaisikiliza simfoni hii hadi mwisho.

Wiki ijayo: Cornwall, Ireland, miaka ya ugonjwa, na Simfoni ya Tisa ya mwaka 1986, iliyosubiri hadi 1992 kupigwa hadharani.