Riwaya Iitweje?

Mtahiniwa wa Kiswahili nchini Kenya hashangai akikuta swali la "ufaafu wa anwani" kwenye karatasi ya fasihi. Mwenzake wa Tanzania huulizwa kama jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Yote mawili yanadai jambo moja: onyesha jinsi maneno ya jaladani yanavyohusiana na matukio ya ndani. Kwa hiyo tumezoea kulipima jina kutokea nyuma, baada ya ukurasa wa mwisho. Mwandishi anayelitafutia jina mswada wake yuko upande wa pili kabisa. Mtu wa kwanza kuliona jina hilo atakuwa amesimama mbele ya rafu, na hajasoma hata sentensi moja.

Kwanza tutenganishe maneno matatu. Jina la riwaya, au anwani, ni maneno ya jaladani yanayoitambulisha kazi. Jina la muda ni lile ambalo mwandishi huliita faili lake wakati bado anaandika. Dhamira ni wazo ambalo masimulizi yanalichunguza. Majina mengi dhaifu hutokana na kuchanganya la kwanza na la tatu: mwandishi huichukua dhamira yake, "usaliti" au "ukatili wa mapenzi", akaibandika jaladani. Msomaji anapewa jibu kabla hajaulizwa swali.

Kazi ya chini kabisa ya jina ni kukitofautisha kitabu na vingine. Hapa fasihi yetu ina mfano unaofaa. Muhammed Said Abdulla alitoa Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Euphrase Kezilahabi akatoa Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Said Ahmed Mohamed akatoa Dunia Mti Mkavu mwaka 1980, na mwandishi huyohuyo akaja na Dunia Yao mwaka 2006. Kila jina, likisimama peke yake, lina uzito. Yakipangwa pamoja, muuza vitabu anayeombwa "kile cha Dunia" inambidi aulize maswali mawili zaidi. Mwandishi wa leo anayetaka kuanza na neno hilo hakatazwi na mtu, maana katika nchi nyingi jina peke yake halilindwi na sheria ya hakimiliki. Ajue tu kwamba uwanja umeshajaa.

Umbo lililotumika sana ni la nomino mbili zilizounganishwa: Kisima cha Giningi, Gamba la Nyoka, Nyota ya Rehema, Mali ya Maskini, Chozi la Heri. Umbo hili hufanya kazi pale nomino ya pili inapoibadilisha ya kwanza. Chozi kwa kawaida huenda na huzuni. Assumpta Matei alipoliweka karibu na heri, mwaka 2014, msomaji alilazimika kusimama kidogo. Mali na maskini nayo hayakai pamoja kwa amani. Katika Nyota ya Rehema (1976), Mohammed Suleiman Mohammed alipata faida ya ziada, kwa kuwa Rehema ni mhusika na papo hapo ni huruma inayosubiriwa. Sasa jaribu "Machozi ya Huzuni". Nomino ya pili imerudia tu kile ambacho ya kwanza ilikwisha kusema.

Umbo jingine hukopa kutoka kwenye methali na misemo, na lina hatari yake. Methali ina hukumu ndani yake, na msomaji wa Kiswahili huimalizia mwenyewe. Ukichapisha methali nzima, umeshamwambia hadithi itaishaje. Ken Walibora, katika Siku Njema (1996), alichukua maneno mawili tu ya mwanzo. Kila msomaji anajua kwamba siku njema huonekana asubuhi. Lakini asubuhi ya Msanifu Kombo ni ya mtoto wa Tanga anayefiwa na mama, halafu anaanza kumtafuta baba aliyeko Kenya. Kwa kipimo cha methali, siku hiyo haikuahidi kitu. Nusu iliyoachwa nje ya jalada ndiyo inayopingwa na riwaya, na mabishano hayo yasingewezekana kama methali ingeandikwa yote.

Shafi Adam Shafi alifanya vinginevyo katika Vuta N'kuvute (1999). Msemo uko kamili, ila una amri bila mshindi: wewe vuta, nami nikuvute. Nani anamvuta nani? Mwanzoni tunamwona Yasmin, binti aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee asiyelingana naye kwa umri. Baadaye tunamwona Denge na wenzake wakivutana na serikali ya kikoloni Zanzibar. Jina halikuchagua kati ya mivutano hiyo, na kwa kuwa halikuchagua, linatosha kwa yote. Lina kasoro ndogo ya kiufundi: ile ritifaa. Anayelitafuta kwenye simu huandika "Vuta Nkuvute", au namna nyingine anayoijua mwenyewe. Kitabu kinachojulikana hakidhuriki sana na hilo, hasa baada ya Amil Shivji kukitengenezea filamu mwaka 2021. Mwandishi wa kitabu cha kwanza hana anasa hiyo.

Majina ya neno moja yanapendwa na waandishi wa upelelezi na ujasusi. Elvis Musiba alikuwa na Njama, Hofu na Kikomo, na kazi yake kubwa pale ilikuwa kumtangazia msomaji aina ya kitabu na kasi yake. Hiyo ni kazi halali. Lakini neno moja linaweza kubeba zaidi, na Kuli (1979), pia ya Shafi, ni ushahidi. Kabla ya kusoma, kuli ni mbeba mizigo wa bandarini, neno ambalo wengi hulitamka kwa dharau. Riwaya inamfuata Rashidi hadi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Ukifunga kitabu, neno ni lilelile, herufi nne, lakini aliyelibeba ni mtu anayeijua thamani ya kazi yake na anayeweza kuisimamisha bandari.

Tumkumbuke pia Bwana Msa. Jina Kosa la Bwana Msa (1984) lingemwacha baridi mtu asiyejua Bwana Msa ni nani. Lilitegemea vitabu vilivyotangulia, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo mpelelezi huyo wa Muhammed Said Abdulla alizoeleka kuwa ndiye anayeyaona makosa ya wengine. Jina la aina hii ni la mwandishi mwenye akiba ya wasomaji. Anayeanza hana pa kuitoa.

Mfano unaohitaji muda zaidi ni Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Sehemu ya kwanza ni jina la mhusika, binti wa Zakaria huko Ukerewe. Zikiungana zote mbili, Mkatoliki husikia mojawapo ya sifa za Bikira Maria kwenye litania yake. Kwa hiyo jalada linaahidi usafi. Ndani tunakutana na baba anayemlinda binti kwa fimbo, na binti ambaye, mlinzi akikaa mbali, hana alichofundishwa cha kujilindia. Mwishowe anajiua. Kitabu kiliwahi kuzuiwa shuleni, na sidhani jina lilikisaidia mbele ya waliokasirika. Lakini tujiulize kama Kezilahabi angekiita "Malezi Mabaya". Dhamira ingekuwa sahihi, mwanafunzi angepata alama zake zote za ufaafu, na riwaya ingepoteza swali lake gumu zaidi: je, sifa hiyo takatifu imewekwa juu ya Rosa kwa kejeli, au mwandishi anakataa kumvua hata baada ya yote? Nimeisoma kwa namna zote mbili, na jina linaziruhusu zote.

Sasa tunaweza kusema kipimo ni nini. Jina zuri husomwa mara mbili. Mara ya kwanza, kwa asiyejua kitu, liwe na maana inayoeleweka na liache jambo linalodaiwa. Mara ya pili, kwa aliyemaliza, maana iwe imehama. Swali la darasani hupima usomaji wa pili tu, na mchapishaji mwenye haraka hupima wa kwanza tu. Jina linalofaulu upande mmoja hulifanyia mswada nusu ya kazi.

Tuchukue mswada wa kubuni tuone hatua zenyewe. Mama muuza dagaa katika soko la Mwaloni, Mwanza, anakopa kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, ili mwanawe akaanze biashara Dar es Salaam. Kijana anatoweka na mtaji. Kila wiki mama anahudhuria kikao na kulipia deni la mtu asiyejua aliko. Katika sura ya mwisho kijana anasimama mlangoni, mikono mitupu.

"Machozi ya Mama" lifutwe, kwa kuwa linaweza kuhamishiwa kitabu kingine chochote bila mtu kugutuka. "Usaliti wa Mwana" linatoa hukumu ambayo masimulizi bado yanaitafuta. "Dagaa" litagongana na Kidagaa Kimemwozea cha Walibora, ambacho wanafunzi wa Kenya walikisoma kama kitabu cha kutahiniwa. "Mwaloni" ni zuri zaidi, lina harufu na makelele, ila linaahidi riwaya ya sokoni wakati soko limo katika sura chache tu.

Libaki "Marejesho". Ndivyo wanavikoba wanavyoziita pesa za kulipa mkopo kidogokidogo: rejesho la wiki hii, rejesho la wiki ijayo. Msomaji mpya anaelewa kuna deni, na anataka kujua ni la nani. Aliyemaliza anajua kwamba kijana naye amerejeshwa, na hana hakika kama deni limeisha. Pingamizi moja lipo. Msomaji wa Mombasa, aliyezoea chama, huenda neno hili lisimletee kikao wala daftari la mhazini. Dawa yake iko ndani: sura ya kwanza ifunguliwe kikaoni, mhazini akiita majina na noti zikihesabiwa mezani, ili neno lisikike likitumika kabla ya ukurasa wa tatu. Mhariri anaweza kupendekeza "Marejesho ya Mama", kwa nia njema ya kufafanua. Mwandishi akatae. Akiongeza maneno hayo mawili, pesa zitabaki jaladani na kijana atakuwa ametolewa nje.