Kitenzi chenye maana 645

Kitenzi cha Kiingereza "run" kina maana 645, bila kuhesabu nomino yake. Aliyezichambua ni Peter Gilliver, mwanakamusi wa Oxford English Dictionary. Neno hilo moja lilimchukua miezi tisa hivi, na kazi ikatoka mwaka 2011.

Kila mwanafunzi wa Kiingereza huanza na maana ya kukimbia. Lakini kwa kitenzi hichohicho mto unatiririka, mtoto anatokwa na kamasi, kitambaa kinachuja rangi, basi linafanya safari zake, mkataba unadumu hadi Desemba na mwenye duka anaendesha duka lake. Huko Marekani mwanasiasa "hukimbia" akiwania urais. Mwingereza, kama Mswahili, kwa kawaida husema amesimama. Anayejua kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura na kupiga picha hatashangaa sana, ila wingi huu unatisha.

Ugumu uko mezani. Mwanakamusi wa Oxford haanzi na maana anazozijua kichwani. Huanza na sentensi zilizochukuliwa kutoka vitabu, magazeti, barua na sheria za karne nyingi, kila moja na mwaka wake. Huzisoma na kuzigawa katika mafungu, kisha huyapanga kuanzia matumizi ya kale. Sentensi isiyoingia fungu lolote ndiyo humkalisha. Gari limeegeshwa, injini inanguruma: hapo Mwingereza hutumia "run". Programu inafanya kazi ndani ya kompyuta: "run" tena. Injini ina vyuma vinavyozunguka, programu haina. Je, hiyo ni maana moja iliyopanuka, au ni mbili? Na saa ya ukutani iwekwe wapi? Hakuna kipimo cha kuamua. Kuna mtu mvumilivu anayesoma mifano, akatenganisha, akaunganisha, akatenganisha tena. Ni kazi ya kuheshimiwa, na wengi wanaofungua kamusi hawaijui.

Awali bingwa wa wingi wa maana alikuwa "set". Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989 lenye majuzuu 20, kitenzi hicho kilipewa maana 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Mashine ni sababu mojawapo ya "run" kuongezeka: treni, saa, injini, mitambo ya viwanda na hatimaye kompyuta, vyote vilihitaji kitenzi cha kutaja mwendo wake, na hicho kilikuwa karibu. Kwa nini kikachaguliwa hicho na si kingine chenye maana ya kwenda, mafungu ya sentensi hayajibu.

Kazi ya kamusi haiishi: James Murray, mhariri mkuu wa toleo la kwanza, alifariki mwaka 1915, miaka 13 kabla halijakamilika. Leo kamusi hiyo hurekebishwa mtandaoni kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo 645 ni hesabu ya mwaka 2011, wala haikukusudiwa kuwa ya mwisho.